Mwalimu Taratibu na Mtihani wa Mama Mkwe

Kwa miezi minane mfululizo, mwalimu mmoja wa udereva alikuwa hajaingiza gia ya tatu. Si kwamba gari lake lilikuwa bovu. Lilikuwa gari dogo jeupe, la zamani kiasi, lenye kibao chekundu kichwani na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja yake mwenyewe, na gia zote zilikuwa salama salimini. Kilichokosekana ni barabara.

Watu walimwita Mwalimu Taratibu, maana neno hilo ndilo alilolisema tangu asubuhi hadi jioni, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. "Klachi taratibu. Taratibu, usukani hauna mbio." Alikuwa amefundisha hivyo miaka kumi na tisa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata yule fundi cherehani aliyepanda na gari juu ya ngazi za benki. Siku hiyo mwalimu alizima injini, akafungua mlango, akazitazama ngazi zilizobaki, akasema, "Hapa tutarudi nyuma kidogo."

Darasa lake lilikuwa barabara ya kiwandani. Ilianzia kwenye mzunguko, jirani na ofisi ya mitihani ya udereva, ikapanda kama kilomita moja hadi kwenye taa za juu. Kulia kulikuwa na ukuta mrefu wa kiwanda cha sabuni kilichofungwa, kushoto mtaro mpana wa maji ya mvua, na katikati ya safari hakukuwa na uchochoro wa kutokea. Kwa kufundishia ilikuwa barabara nzuri kweli, mpaka ilipoingiwa na maendeleo.

Kwanza walikuja watu wa barabara. Wakaikwangua, wakaimwagia lami mpya nyeusi tititi, wakaichora mistari myeupe, na watu wakasimama kupiga nayo picha. Siku ya kumi na moja wakaja watu wa maji. Walikuwa na kibali. Wakaipasua lami katikati kama samaki, wakalaza bomba, wakafukia kwa udongo, wakaenda zao. Watu wa barabara wakarudi kutia kiraka. Kiraka hakijapoa, wakatokea watu wa nyaya za simu, nao na kibali chao, wakachimba kando, wakalikata lile bomba. Ikabidi waitwe tena watu wa maji, ambao walichimba mashimo manne wakitafuta mahali pa kufungia maji, na walipopapata wakakuta kiraka kimekaa juu yake. Hayo yakiendelea, mtu mmoja mwenye uwezo akaanza kujenga jengo la ghorofa kumi na mbili ubavuni mwa barabara, akavuka mtaro kwa zege, na uzio wake wa mabati ukameza njia moja nzima.

Basi magari yakawa yanatambaa. Asubuhi foleni, mchana foleni, jioni foleni na honi. Mwalimu Taratibu aliendelea kufundisha humo humo, kwa gia ya kwanza, na siku za neema gia ya pili. Wanafunzi wake walifaulu vizuri tu, kwa kuwa hata mtihani ulifanyika kwenye foleni hiyo hiyo. Mmoja wao, mpiga picha wa harusi, alirudi ofisini miezi minne baada ya kupata leseni, akauliza kwa adabu zile namba tatu na nne zilizoandikwa kwenye kichwa cha gia zilikuwa za nini.

Sasa jioni moja mwalimu alirudi nyumbani akamkuta mkewe anapiga pasi sare za mabinti zao. Mabinti walikuwa pacha, na kwa ajili yao baba yao aliitwa Baba Pacha na mama yao Mama Pacha.

"Baba Pacha," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye pasi, "mama anataka kujifunza gari."

Mwalimu alikuwa anakunywa maji. Maji yakampalia. Alikohoa mpaka pacha wakaja kumpiga mgongoni, mmoja kila upande.

"Walimu wako wengi," alisema alipopata pumzi. "Yuko yule wa karibu na soko, anafundisha vizuri sana."

"Mama yangu akafundishwe na mtu baki, na mkwe wake ni mwalimu? Watu watanionaje?"

"Mama Pacha, mimi nitamwambiaje mama 'kanyaga'? Nitamwambiaje mama 'ondoa mguu'?"

"Kwa mdomo," mkewe alisema, na kugeuza kola.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka arobaini alikuwa amezalisha wanawake wa mji ule, na sauti yake ilibaki ile ile ya wodini, sauti inayotoka chumba hiki na kutiiwa chumba cha tatu. Kaka yake marehemu alimwachia gari dogo la kijani, na kwa mwaka mzima lilikaa uani bila kazi, paka wa jirani akazalia kiti cha nyuma. Mkunga aliwahudumia paka, akawahamisha, kisha akaamua kuwa gari sasa liko wazi.

Mwalimu Taratibu alimheshimu mama huyo kiasi cha kumwogopa. Katika miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa amemwambia sentensi mbili tu: "Shikamoo, mama," alipofika, na, "Asante, nimeshiba," alipoondoka. Yaliyobaki yote alimwachia mkewe ayaseme.

Somo la kwanza lilikuwa Jumatatu. Mkunga alikuja na mkoba wake mkubwa mweusi, akaupakata, akaombwa kwa ishara auweke chini, akaupakata tena.

"Haya, mkwe wangu. Nifanye nini?"

Mwalimu alitazama kioo cha mbele kana kwamba anazungumza na inzi aliyetua pale. "Mama, kama haitakuwa taabu, naomba, ukipata nafasi, mguu wa kulia uusogeze kwenye ile pedali ya kati, halafu..."

Sentensi ilikuwa bado haijafika kwenye neno 'kanyaga', gari likawa limeshafika kwenye bampa la lori la kokoto. Mwalimu alikandamiza breki yake ya pembeni kwa nguvu zote. Gari likasimama, umbali wa kiganja.

"Ala!" mkunga alisema, amefurahi. "Gari lako lina akili. Limejisimamisha."

Hapo ndipo palipohitajika kumweleza ukweli. Mwalimu alivuta breki ya mkono. "Ndiyo, mama," alisema.

Kuanzia hapo mkunga alijifunza kila kitu isipokuwa breki. Klachi aliijua, usukani aliushika kama mtu aliyezoea vitu vinavyoteleza, kioo alikitazama bila kukumbushwa. Lakini kila palipokuwa na hatari aliacha tu, akakaa, akasubiri gari litumie akili yake. Na gari lilitumia. Baada ya wiki sita mguu wa kulia wa mwalimu ulikuwa umevimba kifundo, na nyumbani alikuwa akiuloweka kwenye beseni la maji ya moto.

"Mwambie," mkewe alimsihi. "Mwambie tu, 'mama, ni mimi ninayefunga breki.'"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Taratibu," mwalimu alisema.

Siku ya mtihani ikafika kabla hajamwambia. Mtahini alikuwa askari mwembamba, mrefu, mwenye kofia iliyonyooshwa kwa pasi, na jina lake mitaani lilikuwa Afande Mkasi kwa jinsi alivyokata watu. Kwa kanuni mwalimu hubaki ofisini wakati mwanafunzi wake anapotahiniwa, lakini mkunga alishika mlango wa nyuma akaufungua.

"Mkwe wangu atakaa hapa."

"Mama, mwalimu haruhusiwi," Afande Mkasi alisema.

"Huyu? Afande, huyu hasemi kitu hata kwetu akija. Mchukulie kama mkoba."

Afande alimtazama mwalimu, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake, akaona kweli hapa hakuna hatari. Wakapanda, mkunga kwenye usukani, afande kushoto kwake na karatasi yake, mwalimu nyuma. Saa tatu kamili asubuhi wakaupita mzunguko na kuanza kupanda barabara ya kiwandani.

Kilichotokea baadaye kilielezwa kwa namna nyingi mjini, lakini kilikuwa hivi. Robo saa kabla hawajaingia, kule juu kwenye taa, watu wa barabara walikuwa wamefunga njia yote ili wamwage lami. Dakika tano baada ya wao kuingia, kule chini kwenye mzunguko, watu wa maji walivuta uzio wao, wakafunga njia yote, na tingatinga likaanza kuchimba. Wa juu walidhani magari yatarudi chini. Wa chini walidhani yatatokea juu. Kati yao yalibaki magari kama sitini, ukuta kulia, mabati na mtaro kushoto, hayana mbele wala nyuma.

Saa ya kwanza ilipita kwa utulivu. Afande Mkasi aliandika kwamba mtahiniwa amewasha gari bila kulizima. Baadaye kidogo aliandika tena kitu hicho hicho, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuandika. Muuza mayai ya kuchemsha alipita akitembea katikati ya magari, akauza trei nzima, akaenda kuleta nyingine. Ndani ya gari joto lilipanda. Afande alivua kofia, akajipepea nayo, akakumbuka yuko kazini, akaivaa.

"Mtihani unaendelea," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.

Ilipotimia saa tano mkunga alizima injini, akachukua mkoba wake, akafungua mlango.

"Mtahiniwa haruhusiwi kushuka!"

"Afande, mimi nimekesha na wanawake wenye uchungu wa siku mbili. Kitu kikigoma kusogea nakijua kwa sura. Hapa lazima mtu aende akaangalie."

Akaenda. Mwalimu naye akashuka akamfuata hatua tatu nyuma, maana hakuweza kumwacha mama mkwe atembee peke yake katikati ya malori, na hakuweza pia kutembea sambamba naye.

Kule juu walimkuta msimamizi wa lami, mtu mnene mwenye buti nyeupe kwa vumbi. Aliwaonyesha kibali chenye muhuri. "Magari yarudi chini," alisema. "Lami ikishamwagwa haizoleki." Mkunga akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa anayefundishwa kutembea, akateremka naye hadi chini, ambako msimamizi wa maji, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo la urefu wa mtu. Naye akatoa kibali chenye muhuri. "Magari yapande juu," alisema.

Mkunga alizilaza karatasi mbili juu ya boneti ya teksi iliyokuwa karibu. Tarehe ile ile. Barabara ile ile. Muhuri ule ule.

"Hii umeitoa wapi?" alimuuliza wa maji.

"Makao makuu. Chumba namba sita."

"Na wewe?"

"Makao makuu," wa lami alisema. "Chumba namba nane."

"Na namba saba wanakaa akina nani?"

"Namba saba ni choo," wa maji alisema.

Kisha wa lami akamkazia macho mwenzake, kama aliyefumbuliwa fumbo. "Kumbe ni wewe unayefukua viraka vyangu!"

"Na ni wewe unayezika vali zangu za kufungia maji!"

Mwaka mzima walikuwa wamefanya kazi kwenye barabara moja, kila mmoja akimlaani mwenziwe bila kumjua. Kwa dakika moja ilionekana watashikana mashati. Badala yake wakaanza kuzungumza. Wa lami alitaka kujua vali ngapi, ziko wapi, kina gani. Wa maji akachutama, akachora vumbini kwa kijiti. Wakasogea kivulini, wakasahau kabisa kuwa kuna magari sitini yanawasubiri. Mkunga aliwaita mara mbili. Wa maji akainua kidole, kwamba asubiri kidogo, hii ni muhimu.

"Hawa watatufaa mwakani," mkunga alisema. "Leo tutafute mlango mwingine."

Mlango mwingine ulikuwa mmoja tu: geti la lile jengo la ghorofa kumi na mbili. Malori ya saruji yaliingilia pale barabarani na kutokea nyuma, kwenye barabara mpya. Mlinzi wa geti, mzee mwenye kirungu, alitikisa kichwa kabla hata hajaulizwa.

"Hapapitwi. Amri ya tajiri."

Mkunga alimsogelea. "Wewe mkeo alijifungua mtoto aliyetanguliza miguu. Usiku ule ulizimia, tukakulaza kitanda cha mgonjwa, mgonjwa akakaa kwenye kiti."

Mlinzi akashusha kirungu. "Ni wewe, mama?"

"Mtoto hajambo?"

"Ana watoto wawili sasa." Akaanza kufungua minyororo.

Habari zikasambaa kwenye foleni, injini zikawashwa. Gari lao lilikuwa limelipita geti kwa hatua kama kumi. Lori la kokoto lililokuwa nyuma yao likakunja, likaingia, na magari mengine yaliyokuwa chini yake yakasimama kuwapisha wa juu warudi. Sasa ilikuwa zamu ya mkunga kurudi nyuma kwa usukani uliokunjwa, apite kati ya nguzo ya geti na shimo lililoachwa na watu wa nyaya za simu, ambalo alama yake ilikuwa tairi kuukuu lililowekwa juu ya kifusi. Akapanda, akafunga mkanda. Afande Mkasi, ambaye kwa kanuni haruhusiwi kumsaidia mtahiniwa, alikuwa amekunja miguu yake chini ya kiti. Mwalimu Taratibu alisimama barabarani, nyuma ya gari, kuelekeza.

"Mama," alianza, "naomba, kama hutajali, usukani ungeelekea..."

Gari likaanza kurudi. Likarudi vizuri. Kisha likaanza kurudi kuelekea shimoni.

Mwalimu aliinua mkono. Mkunga aliuona mkono huo kwenye kioo, akaona na tairi kuukuu, akaelewa kuwa kuna hatari, na kwa hiyo akafanya kama siku zote. Aliacha. Alikaa, akasubiri gari litumie akili yake.

Ndipo Mwalimu Taratibu alipokumbuka kuwa akili ya gari imesimama hapa nje, imeinua mkono.

"Mama," alisema. "Mama, tafadhali. Mama..." Tairi la nyuma likagusa ukingo, udongo ukaanza kuporomoka.

"MAMA! BREKI! KANYAGA BREKI! UNATAZAMA WAPI WEWE?"

Sauti hiyo, wanaosimulia wanasema, ilifika ghorofa ya tisa. Kibarua aliyekuwa amebeba ndoo ya zege aliitua. Honi zote zikanyamaza. Muuza mayai alisimama mguu mmoja hewani. Mkunga akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likaganda, na katika ukimya ule ulisikika mchanga tu ukimiminika shimoni.

Mwalimu alijiona amekufa. Alimwona mkewe akifunga mizigo. Alifikiria kwenda kuishi mbali.

Dirisha la dereva likashuka. Kichwa cha mkunga kikatoka.

"Nimesikia," alisema. "Usukani niupeleke wapi?"

"KUSHOTO!" mwalimu alijibu, kwa sababu sauti ilikuwa imeshatoka na hakujua inarudishwaje. "KUSHOTO WOTE! MALIZA! HAYA, ACHIA BREKI, ACHIA, NYUMA, NYUMA... BREKI! NANI AMEKUAMBIA UNYOOSHE? KUSHOTO!"

Gari likazunguka, likaingia getini bila kugusa hata bati. Vibarua wakapiga makofi. Mwalimu hakuwaona, alikuwa amemgeukia dereva wa gari lililofuata, bwana mmoja mwenye tai. "NA WEWE! UNASUBIRI BARUA? NYUMA!" Kwa nusu saa nzima aliyarudisha nyuma magari yote yaliyokuwa juu ya geti, moja baada ya jingine, akiwafokea mawakili, wachinjaji, na kasisi mmoja aliyeomba radhi. Yale ya chini yakafuata yenyewe, na gari la mwisho lilipoingia, alibaki amesimama peke yake barabarani, shati limelowa, na akajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia kwa miaka mingi.

Gari lake lilikuwa linamsubiri upande wa pili wa jengo. Akapanda nyuma bila kumtazama mtu. Mbele yao ilikuwa barabara mpya ya njia sita, iliyokamilika mwaka mzima uliopita na ambayo ilikuwa ikisubiri mkubwa mmoja apate nafasi ya kuja kukata utepe. Waliotangulia walikuwa wameshasogeza mapipa pembeni na kupotea zamani.

"Barabara hii haijafunguliwa," Afande Mkasi alisema.

"Na ile iliyofunguliwa imefungwa," mkunga alisema. "Tufanye nini, afande?"

Afande alifikiri, akaisawazisha karatasi yake gotini. "Mtahiniwa aendelee."

Mkunga akaendelea. Gia ya kwanza, gia ya pili. Barabara ilikuwa tupu, pana, nyeusi, mpaka macho yanapoishia. Injini ikaanza kulia.

"Inataka nini?" mkunga aliuliza.

"Ya tatu, mama," mwalimu alisema kutoka nyuma, kwa sauti iliyokwaruza. "Isukume mbele, katikati."

Akaisukuma. Gari likapumua kama lililovuliwa kiatu kinachobana. Upepo ukaingia madirishani. Mwalimu alimwona mkunga kwenye kioo, na uso wake ulikuwa wa msichana. Baada ya muda akaitafuta ya nne mwenyewe, akaipata. Afande Mkasi alishika kofia yake kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo alicheka akiwa amevaa sare, kicheko chembamba kama chafya.

Waliporudi ofisini, wakizungukia mbali, afande aliifunua karatasi yake hadi ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa bado mpya.

"Hapa sijawahi kuandika," alisema. "Kibao cha barabarani kilisema hamsini. Umefika themanini na mbili. Mtahiniwa amefeli kwa kuzidi mwendo."

"Soma tena," mkunga alisema.

"Amefeli kwa kuzidi mwendo."

"Andika vizuri na muhuri upige hapo, usiuweke pembeni."

Aliichukua karatasi ile na kuizungusha kwa majirani wote. Katika mji ambao watu walikuwa wanatumia saa mbili kwenda kununua sabuni, yeye alikuwa amefelishwa kwa mbio. Waliokuwa na leseni walimwonea wivu.

Jioni hiyo mwalimu alimpeleka kwake, akakaribishwa chai, na mkewe akaja na pacha. Mwalimu alikaa pembeni ya kiti, anasubiri hukumu yake. Mkunga alimimina chai.

"Miaka kumi na minne," alisema, "ndiyo leo nimekusikia. Nilidhani unanidharau."

"Mimi, mama?"

"Mtu anakuja kwangu, anakula, anasema ameshiba, anaondoka. Ningedhani nini?"

Mwalimu alitazama kikombe chake. Koo lilimuuma, lakini kumbe lililoziba kwa miaka yote lilikuwa limezibuka. "Siku ya kwanza nilipokuja kujitambulisha, mama, uliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha udereva. Ukasema, 'Ah.'"

"Nikasema nini?"

"'Ah.' Hivyo tu. Na ukashika shavu. Nikajua nimekuangusha. Ulitaka daktari, au angalau mhasibu."

Mkunga aliweka birika chini. Alikuwa anarudi nyuma kichwani, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaufikia ule. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Jino," alisema. "Baba wee, ilikuwa jino! Lilikuwa likiniuma tangu alfajiri. Hata sikusikia ulijibu nini. Mpaka leo nilikuwa najua kazi yako kwa sababu mwanangu aliniambia."

Mama Pacha alicheka mpaka akaenda kukaa nje. Pacha walitaka waelezwe kinachochekesha, na baba yao akawaeleza, yote, kuanzia jino hadi pedali ya pili. Hapo mkunga aliacha kucheka.

"Kwa hiyo gari halina akili?"

"Halina, mama."

"Wiki sita nimemsifia jirani akili yake," alisema kwa masikitiko.

Mtihani wa pili ulikuwa mwezi uliofuata. Alifaulu, kwa gia ya kwanza, kwenye foleni, akifunga breki mwenyewe. Wasimamizi wawili wa barabara ya kiwandani walibadilishana namba za simu, na kwa wiki tatu kazi ikaenda vizuri, mpaka wa maji alipohamishiwa idara nyingine na kuletwa mgeni. Mkubwa naye alipata nafasi, akaja, akakata utepe wa barabara mpya. Siku nne baadaye walifika watu wa taa za barabarani, ambao hakuna aliyekuwa amewakumbuka, wakaanza kuipasua katikati.

Mkunga alikuwa njiani siku hiyo na gari lake la kijani, anakwenda kumwona mjukuu wa mlinzi. Alikwama. Akapiga simu, na hakumpigia binti yake, alimpigia mkwe.

"Umezima injini, mama?" mwalimu aliuliza kwanza.

"Nimezima. Hebu sikia vituko vya huku."

Akaanza kumsimulia mashimo, na mwalimu akamsimulia ya upande wake, wakaingia kwenye habari za paka, za pacha, za jirani anayejenga ukuta bila msingi. Walizungumza mpaka simu ya mwalimu ikaishiwa chaji, na mkewe, aliyekuwa anamenya viazi, aliona mkono wa mumewe unapita mbele yake kuchukua simu yake mezani.